Nilivyoacha bandeji kifuani

Nina selimundu, na nina kifua nisichokitaka. Kwa muda mrefu, ili matiti yasionekane, nilikizungushia bandeji ya kuvutika, ile ya kufungia mguu ulioteguka. Kosa kubwa. Bandeji hiyo huzidi kukaza kadiri unavyotembea na kupumua. Nikipanda mawe ya Mabatini, Mwanza, kurudi nyumbani napumua nusunusu, jasho linatiririka, maji sijanywa. Selimundu inangoja hapo hapo: oksijeni ikipungua na mwili ukikauka, chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa. Mbavu ziliniuma siku tatu, kitandani.

Bandeji nikaitupa. Sokoni Mlango Mmoja nikaokota sidiria ya michezo ya mtumba, saizi yangu halisi (tamaa ya kuchukua ndogo niliimeza), na shati pana la kitenge lenye maua makubwa. Maua yanaficha kuliko kubana, niamini. Sidiria naivaa kwa saa nne au tano, silali nayo, na chupa ya maji iko mkononi. Viungo vikianza kuvuta, au upepo wa ziwa ukiwa wa baridi, sibani kabisa, navaa koti. Daktari wa kliniki nilimwambia ukweli. Akauliza tu naivaa kwa muda gani.