Siku Moja Maishani Mwangu: Kisima Kimoja, Majina Matatu

Saa 12:15 asubuhi

Naishi Area D, Dodoma mjini. Nyumbani wanajua kwamba "nafanya mambo ya kompyuta" na inatosha. Kwa kirefu, mimi ni msanifu wa mifumo ya taarifa, na kazi niliyonayo sasa ni kuwezesha taasisi kadhaa zinazohusika na visima vya vijijini, upande wa Bahi na Chamwino, zipashane habari bila kugombana: ofisi ya maji ya wilaya, halmashauri, na mashirika mawili yanayochimba visima.

Kabla ya kunywa chai nafungua kundi la WhatsApp la mafundi na watendaji. Leo kuna picha ya pampu ya mkono iliyovunjika mpini, ujumbe wa sauti wa mtu anayehema, na "Injinia, huku tumerudi makorongoni." Kiangazi hapa hakina huruma, maana mvua zetu ni za msimu mmoja tu, Disemba hadi Aprili. Kila aliyewahi kuniajiri alitaka mfumo wangu uliue kundi la namna hii. Mimi naliacha liendelee. Taarifa inafika huko ikiwa bado ya moto. Kinachokosekana ni mahali pa kuitunza ili wiki ijayo mtu aione.

Saa 2:00

Ofisini, chapati mkononi, orodha tatu mezani. Kijiji cha Chali Makulu kwenye orodha ya kwanza kimeandikwa hivyo hivyo. Kwenye ya pili ni "Chalimakulu". Ya tatu ina "Chali M.", na Chali ziko zaidi ya moja kule Bahi. Kompyuta inaona vijiji vitatu, ripoti inaonyesha visima vitatu, wakati wananchi wanapanga ndoo kwenye kimoja.

Ungedhani vipimo vya ramani vitamaliza ubishi. Haviumalizi. Dodoma iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu lazima itanguliwe na alama ya kutoa. Mtu akiisahau, kisima cha Bahi kinahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia, si mbali na mji ambao, amini usiamini, unaitwa Maji. Hilo ni rahisi kuligundua. Linalonitesa ni ramani za zamani zilizopimwa kwa mfumo wa Arc 1960, yaani utaratibu wa zamani wa kupima mahali, wakati simu zetu zinatumia mwingine, WGS 84, ule wa GPS. Tofauti ni kama mita 300 hivi: si kubwa kiasi cha kukushtua, lakini inatosha kukihamisha kisima hadi kitongoji cha jirani, na shirika likaripoti kwamba "limekikosa".

Dawa ni kukipa kila kisima namba moja isiyobadilika, kisha majina yote matatu yakaandikwa chini yake. Hakuna anayelazimishwa kuacha jina alilolizoea.

Saa 4:00

Kikao. Serikalini siku hizi wimbo ni mmoja, mifumo isomane, yaani ibadilishane taarifa, na tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 jambo hilo si hiari kwa taasisi za umma. Sawa. Ila mifumo haiwezi kusomana kama wenye mifumo hawajaelewana.

Tulikwama kwenye neno "kinafanya kazi". Injinia wa wilaya anasema kisima kinafanya kazi kama kilitoa maji siku alipokitembelea. Dada wa takwimu kutoka shirika moja anasema hapana, lazima kitoe maji mwaka mzima. Shirika la pili, kwa upole wa kutia mashaka, likakiri kwamba kwao kisima kinahesabika hai pampu ikishafungwa na mfadhili akapigwa picha nacho. Kaka wa halmashauri akacheka mpaka akatoka nje. Yeye ana mafaili ya visima vya kabla ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kuanzishwa 2019, enzi maji ya vijijini yakiwa chini ya halmashauri, na mafaili hayo yana neno moja tu: "kizima".

Ubishi ukaelekea kwenye kupiga kura. Nikaomba tusipige. Mfumo wa pamoja usihifadhi hukumu, uhifadhi kilichoonekana: leo maji yalitoka au hayakutoka, tarehe ngapi, nani aliona, mara ya mwisho yalikatika kwa siku ngapi. Kila taasisi itakokotoa "kinafanya kazi" yake kutokana na hayo hayo. Dada wa takwimu alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, hapo hata bosi wangu ataelewa."

Tukahamia kwenye nani anaruhusiwa kusahihisha. Tumegawana hivi: kina cha kisima na kiasi cha maji ni mali ya aliyechimba, mahali kilipo ni mali ya wilaya, hali ya leo ni mali ya chombo cha watoa huduma ya maji kijijini. Ukiona kosa kwa mwenzio unainua mkono, hufuti. Nimeona mfumo mmoja ambao kila mtu aliweza kufuta cha mwenzake. Ulidumu msimu mmoja wa bajeti.

Saa 7:30 mchana

Ugali wa uwele na mlenda. Hakuna mjadala.

Saa 8:30

Simu kwa mzee anayetunza kisima. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu, ile menyu yako ni ndefu." Anatumia kitochi, simu ndogo ya vitufe, na menyu tuliyoijaribu kwake ilimtaka abonyeze mara saba kabla ya kusema pampu imekufa. Amenipa mbadala yeye mwenyewe: namba ya kisima ipakwe rangi kwenye mnara wa pampu, na ujumbe uwe namba hiyo pamoja na NDIYO au HAPANA. Hii ndiyo nitakayoijenga.

Saa 10:00 jioni

Namba za simu za watunza visima. Shirika moja linataka zionekane kwa kila mwenye akaunti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikutungwa kwa ajili ya benki peke yake; mzee wangu hakutoa namba yake ili apigiwe na wauza sola. Nimeandika kwamba fundi na wilaya wataiona, wengine wataona kitufe cha kumtumia ujumbe tu.

Saa 11:30

Rasimu ya makubaliano imekamilika isipokuwa kipengele kimoja ambacho kwenye miradi huachwa mwisho kwa makusudi: nani atalipia ujumbe mfupi mradi ukiisha. Nimekiweka ukurasa wa kwanza, kwa herufi nyekundu, nikawatumia wote. Ofisi ya wilaya imejibu kabla sijazima kompyuta: wako tayari kubeba nusu, ila waone kwanza makadirio ya gharama za mwezi. Nitaanza nayo kesho asubuhi.