Nilivyoacha kuchanganya "borrow" na "lend"

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema "Can you borrow me your pen?" bila wasiwasi. Kalamu nilipewa, basi. Hadi siku nilipomwomba mwenzangu wa kazini chaja kwa ujumbe wa namna hiyohiyo, naye akajibu kwa utani: chaja anayo, aazime nyingine ya nini? Nikacheka, ila niliumbuka.

Nikafungua kamusi. Borrow: azima. Lend: azima. Kumbe halikuwa suala la uvivu. Kitenzi chetu kinakwenda pande zote mbili: "nimeazima kalamu", mpokeaji ni mimi, "niazime kalamu", mtoaji ni wewe. Wapo wanaosema kuazimisha, lakini kinywani mwangu halikuwamo. (Wajerumani nao wana leihen yao inayokwenda na kurudi vivyo hivyo. Nilifarijika kidogo.)

Ile kanuni ya darasani, kwamba borrow ni kuchukua na lend ni kutoa, nilikuwa nimeikariri tangu zamani na bado nilikosea. Tena baada ya kisa cha chaja nikavuka mpaka upande wa pili: borrow nikaiogopa, nikaanza kusema "I lent a book from the library".

Kilichoniokoa ni pesa. Kwenye pesa hakuna anayechanganya: anayepokea anakopa, anayetoa anakopesha. Basi kabla sijafungua mdomo, nikawa naibadili azima kichwani iwe kopa. "Naomba kuazima kalamu" inakuwa "naomba kukopa". Hiyo ni borrow. "Niazime kalamu" haiwezi kuwa "nikope", lazima iwe "nikopeshe". Hiyo ni lend. Ile -esha ikichomoza tu, nimeshajua. Ndiyo, kalamu haikopwi, lakini hesabu hii naifanya kimyakimya, nani atanisikia?

Baada ya hapo mengine yalijipanga yenyewe. Unachokopa kinatoka kwa mtu, kwa hiyo borrow inafuatwa na from: "I borrowed it from her". Unachokopesha kinakwenda kwa mtu: "I lent it to her", au kwa mkato "I lent her my umbrella". Wakati uliopita ni lent. Nilishawahi kuandika lended, tena kwenye barua rasmi. Wamarekani hupenda kutumia loan kama kitenzi mahali pa lend. Mimi loan nimeiachia kazi ya nomino, mambo yasije yakavurugika upya.

Kuna pahali hesabu yangu inagoma. "Lend me a hand" ni kuomba msaada, na mkono haukopeshwi. Na Kiingereza kinasemwa kime-borrow neno safari kutoka Kiswahili, ambacho nacho kililitoa kwenye Kiarabu, wala hakuna anayedai kurudishiwa. Hayo nimeyakariri tu.