Giza Nililowafunika

Mwaka wangu wa pili chuoni nilipewa kazi niliyoipenda kuliko zote: kulea mayai ya shokishoki wa baharini, yule mnyama wa miiba mithili ya nungunungu. Nikayarutubisha, nikayagawa katika sahani mbili. Moja niliifunika kwa plastiki inayozuia urujuanimno, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, nyingine nikaiweka wazi chini ya taa ya mionzi hiyo kwa dakika chache. Kisha, kwa huruma tu, nikazifunga zote mbili kwa foili ili mayai yapumzike gizani.

Nilipochungulia kwenye hadubini, seli moja ilikuwa mbili, mbili zikawa nne. Yaliyopigwa mionzi yalichelewa kidogo kugawanyika, basi. Nilijua pia kwamba shokishoki wengine huyawekea mayai yao kinga ya jua wanayoipata kwenye mwani wanaokula. Nikaandika daftarini: "Yamepona."

Siku ya nne nikafungua tena. Lava mzima wa shokishoki, yaani mtoto wake aliyetoka yaini, hung'aa kama kioo, mikono mirefu imenyooka, ndani yake vijiti vyembamba vya chokaa. Kwa mikono hiyo hukusanya chakula. Hawa wangu waliopigwa mionzi walikuwa na vigutu. Mmoja aliota mkono upande mmoja tu, akawa anazunguka palepale chini ya sahani, hapandi. Nilimtazama hadi nikasahau kuhesabu wengine.

Mwalimu wangu alipoiona ile foili aliuliza, "Mbona umewanyima mwanga?"

Akanikalisha, akanieleza. Urujuanimno huzigandisha pamoja herufi jirani za DNA, yale maagizo ya urithi ndani ya seli. Seli inacho kimeng'enya, protini ya kuharakisha kazi, cha kuzibandua, kiitwacho fotolaizi, ila nguvu yake hutoka kwenye mwanga, hasa wa buluu. Gizani hakifanyi kazi. Baharini jua linalomjeruhi mnyama humletea na mwanga huo. Mimi niliwajeruhi, kisha nikawafungia dawa nje. Iliniuma sana, maana niliwafunika kwa nia njema.

Nilirudia jaribio, safari hii nikiwaacha kwenye mwanga wa kawaida mara baada ya mionzi. Wengi waliota mikono, na furaha niliyoipata sijaisahau. Lakini nilipoipima mikono hiyo siku ya nne, bado ilikuwa mifupi kuliko ya wenzao wa chini ya plastiki. Nikakata neno "Yamepona" kwa mstari, nikaanza kuandika urefu wa kila mkono.