Nilivyopata mlinganyo wa parabola kwa ncha na nukta moja

Katika karakana tunayochomelea vyuma mjini Jinja, mteja alileta mchoro wa geti ambalo ukingo wake wa juu ulipaswa kuwa parabola. Upana wake ni mita 4, nguzo za pembeni zina urefu wa mita 2, na katikati, palipo juu kabisa, geti linafika mita 3. Nilihitaji kujua urefu wa kila nondo ya wima kabla ya kugusa msumeno.

Mlinganyo unaofaa kazi kama hii ni y = a(x − h)² + k, ambamo h na k ni majiranukta (umbali wa mlalo na kimo) ya ncha, yaani pale parabola inapogeuka, na a ni namba inayoonyesha inavyopinda. Niliweka sifuri ardhini, katikati ya geti, hivyo ncha ikawa (0, 3) na kichwa cha nguzo ya kulia kikawa (2, 2). Nilipoingiza namba hizo nikapata 2 = a(2 − 0)² + 3, yaani 4a = −1, na a ikawa −1/4. Alama ya hasi ilinithibitishia kwamba parabola inainama kuelekea chini, kama mchoro ulivyotaka. Kwa hiyo y = 3 − x²/4, na nondo zikawa za sentimita 300 katikati, karibu 294 kwa umbali wa nusu mita, 275 kwa mita 1 na karibu 244 kwa mita 1 na nusu.

Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza, kwa haki kabisa, inakuwaje nukta mbili zitoshe ilhali shuleni alifundishwa kwamba y = ax² + bx + c inadai nukta tatu. Jibu ni kwamba ncha inabeba habari zaidi ya nukta ya kawaida: mhimili wa ulinganifu, yaani mstari unaoigawa parabola nusu mbili zinazofanana, unapita hapo, kwa hiyo kichwa cha nguzo ya kulia kinatuambia papo hapo kwamba (−2, 2) nayo imo. Tukianzia kupima kwenye nguzo ya kushoto, ncha inakuwa (2, 3) na nukta (0, 2), lakini a haibadiliki; tukifungua mabano tunapata y = −x²/4 + x + 2.

Hata hivyo njia hii inategemea uhakika kwamba umbo ni parabola yenye mhimili wa wima, na jicho peke yake halitoshi kulithibitisha. Kipande cha duara chenye upana na kimo hichohicho kingekuwa na nusu kipenyo cha mita 2.5, na kwa umbali wa mita 1 kutoka katikati kingefika karibu sentimita 279 badala ya 275. Sentimita hizo 4 zinaonekana waziwazi kwenye geti, ndiyo maana sasa namuuliza mteja ni umbo gani hasa analolitaka kabla sijaandika mlinganyo wowote.