Mradi wa mkasi wa virusi: jaribio la nne, hatimaye imekata

Naandika hii mikono bado inanuka bakteria, wiki ya sita sasa. Kwa mnaoingia saa hizi, mradi wenyewe ni kutengeneza enzaimu ya TEV (protini inayokata protini nyingine, ndo naiita mkasi) hapa hapa maabara badala ya kununua, maana ya kununua inatoka ng'ambo kwenye barafu kavu, ikikwama uwanja wa ndege siku tatu nne unaletewa boksi la uvuguvugu na hela umeshalipa.

TEV ni kirusi cha tumbaku, kinasambazwa na vidukari, na binadamu hakimhusu kabisa. Mama aliponisikia kwenye simu nataja virusi akaniuliza mwanangu huko kazini wanawapa hata barakoa kweli? Nikamwambia mama hapa hakuna kirusi, kuna protini yake moja tu, na inatengenezwa na bakteria wa maabara.

Kirusi chenyewe kinatengeneza protini moja ndefuuu, asidi amino kama 3,000 mfululizo, halafu kina mikasi yake ya kuikata vipande. Mkasi mmojawapo ndo tunautaka. Utamu wake haukati ovyo, unatafuta herufi ENLYFQ (kila herufi ni asidi amino moja) zikifuatwa na S au G, unakata baada ya hiyo Q, basi. Kwaiyo unaibandika protini yako mkia wa kuikamatia, katikati unaweka hizo herufi, ukishasafisha unaukata mkia unautupa.

Natumia plasmidi (kiduara cha DNA cha kuwapa bakteria maelekezo) ya pRK793, ya maabara ya David Waugh kule Marekani. Mbele ya mkasi wamebandika MBP, protini inayoyeyuka vizuri, ili mkasi usigande, na humo humo ndani ya seli mkasi unajikata wenyewe kutoka kwa MBP. Halafu asidi amino ya 219, serini, wameitoa wakaweka nyingine, valini, kwa sababu mkasi wa asili una kichaa cha kujikatakata mwenyewe mpaka unakuwa si kitu, huu wa valini walipoupima (2001) ulivumilia karibu mara 100 zaidi.

Jaribio la kwanza nilikuza kwa nyuzi 37 mwanzo mwisho, protini yote ikaishia kwenye mashapo, kosa langu, ilitakiwa nishushe hadi 30 kabla ya kuamsha na IPTG, kemikali ya kuwaambia bakteria waanze kutengeneza mkasi. La pili umeme ulikatika saa nane usiku, sheka (mashine ya kutikisa chupa) ikasimama, asubuhi nakuta chupa zimetulia kama togwa.

La tatu ndo liliniuma. Kila kitu kilienda sawa, rezini ya nikeli (punje zinazonasa mkia wa histidini, na mkasi unao) ikakamata, nikatoa na imidazoli, kemikali ya kuuachisha, maji meupeee kama ya kunywa, nikaweka kwenye mfuko wa dayalisisi (unaopitisha vitu vidogo na kubakiza protini) usiku kucha kuondoa imidazoli nikaenda kulala nimefurahi. Asubuhi mfuko umejaa maziwa. Protini imeganda yote, vipande vinaelea. Kumbe huu mkasi haupendi kuwa mwingi sehemu moja, na mimi bafa yangu (maji ya kuhifadhia protini) nilibana chumvi na gliseroli sikuweka hata tone (nilikuwa nabania, chupa ilikuwa inaisha). Nilikaa nayaangalia yale maziwa kama dakika kumi hivi bila kusema kitu.

Sasa jaribio la nne: nyuzi 30, gliseroli asilimia 10 kwenye kila bafa, chumvi ya kutosha, na DTT (kemikali ya kuulinda mkasi usiharibiwe na oksijeni) nikaiweka mwishoni tu baada ya kutoka kwenye nikeli, maana mkasi unaihitaji ila ikikutana na nikeli rezini inageuka rangi ya chai. Lita moja ikanipa miligramu 11. Safi!

Kuupima nikachukua GFP (protini inayong'aa kijani) iliyobandikwa MBP yenye mkia wa histidini, katikati zile herufi za kukatwa, jumla uzito wa kilodaltoni kama 70, ikikatwa itoe MBP ya 42 na GFP ya 27. Nikamimina mkasi nusu kwa nusu, kwenye jeli (inayotenganisha protini kwa uzito) naona msitari mnene pale 27 nikaruka juu, halafu nikakumbuka mkasi nao ni 27. Yaani nilikuwa nashangilia mkasi wangu mwenyewe. Nikarudia moja kwa 50, na tyubu nyingine bila mkasi ya kulinganishia, nikaacha usiku kwenye friji kwa sababu hata kwenye baridi unakata, polepole tu.

Leo asubuhi ile 70 imebaki kivuli, kwenye tyubu ya kulinganishia ipo vilevile. Nikapitisha mchanganyiko kwenye nikeli tena: MBP na mkia wake ikanasa, mkasi nao ukanasa kwa sababu una histidini zake, kilichodondoka chini ni GFP peke yake. Nikazima taa nikamulika na tochi ya bluu, tyubu ikawaka kijani, fundi wa umeme aliyekuwa mlangoni anatengeneza soketi akauliza hiyo ni soda gani.

Kesho nagawa kwenye tyubu ndogo ndogo na gliseroli, nusu friza ya kwetu, nusu naomba hifadhi kwa jirani wenye jenereta.