Mkia wa La Bamba

Januari 1995 mvua ilinyesha Los Angeles kama masika ya kwetu Unguja. Nilikuwa nimetimiza miaka miwili pale, nafunga maboksi kwenye ghala moja huko Vernon. Mzee mmoja wa zamu yetu alikuwa akinipa lifti jioni, kwa kuwa sote tulikaa Boyle Heights. Alizaliwa hapo hapo, wazazi wake walitoka Mexico. Aliniita mijo, yaani mwanangu. Mimi nilimwita Mzee, na nilipomweleza heshima iliyomo katika neno hilo alilipenda sana.

Jioni hiyo barabara ya Soto ilijaa maji, magari yakasimama. Mzee akatia kanda aliyoirikodi mwenyewe kutoka diski ya kwanza ya Just Another Band from East L.A., mkusanyo wa diski mbili wa Los Lobos uliotoka 1993, bendi ilipotimiza miaka 20.

Los Lobos niliwajua kwa wimbo mmoja tu. La Bamba ilipovuma tuliicheza disko mpaka soli za viatu zikalika. Nikamwomba aipeleke kanda mbele mpaka hapo. Akaweka kiganja juu ya vitufe.

"Hapana, mijo. Huo uko mbali. Tutaufikia."

Basi tukaanza mwanzo, kwa Kihispania. Akanisimulia habari za wanabendi, Hidalgo, Pérez, Rosas na Lozano, vijana wa shule ya Garfield waliokuwa wakipiga roki, kisha 1973 wakakusanyika kujifunza muziki wa wazazi wao: jarana, gita dogo la jimbo la Veracruz, Mexico, bajo sexto lenye nyuzi 12, guitarrón, lile gita la tumbo kubwa linaloshika besi. Walipiga harusini na kwenye mikahawa. 1980, katika ukumbi wa Olympic, walipanda jukwaani na ala hizo mbele ya vijana wa panki, yaani roki ya fujo, wakarushiwa kila kilichoshikika. Mzee alilisema hilo kwa uchungu, kana kwamba waliorushiwa ni wanawe.

Ikaingia Anselma, wimbo uliowapa tuzo yao ya kwanza ya Grammy, na ndani yake kodiani. Nikashtuka. Ami yangu alikuwa mpigaji kodiani wa taarabu; sauti ile ya mivukuto inayovuta pumzi niliijua tangu utotoni. Nikamwambia Mzee chombo hiki hata kwetu kipo. Akanitazama kwa muda, akaurudisha wimbo tuusikilize tena.

Baadaye kidogo kikafuata Kiingereza, A Matter of Time. Mume anamuaga mkewe usiku, anakwenda kutafuta kazi mbali, na wanasemezana kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke. Muziki wenyewe ni mtulivu, hauna kilio. Nami nilimwacha mwanangu Unguja akiwa amelala vile vile. Nilimgusa mguu tu kupitia chandarua. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ghalani kwamba nina mtoto. Nikamwambia Mzee, nikamtajia na umri wake. Hakunijibu. Aliongeza sauti kidogo, tukausikiliza mpaka mwisho huku maji yakipita ubavuni mwa matairi.

Mpaka leo kwangu wimbo huo ndio moyo wa mkusanyo mzima, kuliko hata Will the Wolf Survive? unaosifiwa zaidi.

Foleni ilipoanza kusogea Mzee alikwisha kugeuza kanda upande wa pili. Tulifika mlangoni kwangu La Bamba ikianza. Nilifungua mlango wa gari, mguu mmoja nje, nikautikisa kwa mazoea. Kule kwetu DJ alikuwa akiukata wimbo ule ngoma zikiwa bado zimepamba moto, akaingiza mwingine. Nikangoja mkato huo.

Haukuja. Ngoma na magita ya umeme yakanyamaza, zikabaki ala za nyuzi kama jarana, zikicharazwa kama zinavyocharazwa Veracruz, ulikotoka wimbo huo zamani kabla mwimbaji Ritchie Valens hajaupiga kwa roki 1958. Miaka yote niliyoucheza sikuwahi kuujua mkia ule.

Mvua ilikuwa inaniingia begani. Nikaurudisha mguu ndani, nikafunga mlango, na Mzee akaiacha kanda iendelee.