Sindano ya kiganjani

Nilikuwa nimeshona nguo sokoni Kadutu miaka 22 mkono wa kuume ulipoanza kufa ganzi. Usiku ndio ulikuwa mbaya. Gumba, kidole cha shahada na cha kati viliwaka kama vimepakwa pilipili, nami naukung'uta mkono mpaka mume wangu anaamka. Kidole kidogo hakikuwa na neno. Daktari aliposikia hilo akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kidole kidogo kina mshipa wake. Dawa ni kukata utando unaoubana.

Kukatwa sikukuogopa. Niliogopa kulazwa usingizi, kwa sababu nina pumu. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliyenisindikiza ndiye alitaka nilale: "Mdogo wangu, utaiangalia damu yako mwenyewe?"

"Mama," daktari akaniambia, "kukulaza ni kazi kubwa kuliko kukupasua." Ganzi ya kwapani ingeua mkono mzima kwa saa nyingi. Kulikuwa na nyingine ya kuingizwa kwenye mshipa wa damu, mkono umefungwa mpira wa kubana, na mpira huo wengi huulalamikia kuliko kisu. Yeye alipendelea sindano ya kiganjani: lidokaini, dawa ya ganzi, iliyochanganywa na adrenalini, inayobana mishipa midogo ili damu isitoke sana, basi mpira hauhitajiki. Zamani, alisema, walifundishwa adrenalini isikaribie vidole. Siku hizi hutumika, mradi damu ya mgonjwa inafika vidoleni vizuri. Tena ningeweza kunywa chai asubuhi. Nikakubali.

Sindano iliuma kidogo, ikachoma, ikaisha. Kisha tukangoja karibu nusu saa. Kungoja kule nakukumbuka kuliko upasuaji wenyewe: kiganja kikageuka cheupe mbele ya macho yangu, kikawa kama cha mtu mwingine, nami nikisali kimoyomoyo kisibaki hivyo.

Alipoanza, nilihisi kuvutwa tu. Nikasikia mkasi, sauti ninayoijua, kama unapopita kwenye jinzi nzito.

"Mama, gusa kidole kidogo kwa gumba."

Gumba likaenda, taratibu, likafika. Nikalia.

Jioni ganzi ilipoisha kidonda kiliuma kweli, nikameza vidonge. Katikati ya usiku mume wangu akanishika bega, akauliza mbona leo siukung'uti mkono.